Mwalimu wa Robo Saa

Kwa miaka kumi na minne nilimwashia moto mwalimu wa kemia.

Nilikuwa mtu wa maabara katika shule moja ya wasichana huko Ganjoni. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo, kupima dawa kabla ya vipindi, na kufunga milango wasichana wakishatoka. Yeye nilimkuta pale. Siku yangu ya kwanza aliniuliza habari za nyumbani mtu mmoja mmoja: mke, mtoto, wazee walioko Kaloleni. Aliposikia binti yangu aitwa Dama, basi, jina langu hakulitaja kamwe. Nikawa Baba Dama. Kisha akanisogezea kiberiti kilichokuwa mezani kwa ncha ya kalamu.

"Hiki ni chako," akasema. "Mimi sikishiki."

Nikadhani ni maringo ya watu wa mjini. Alikuwa Mhindi wa Mji wa Kale, Mwislamu, mwembamba, mtandio umebanwa kwa pini mbili, na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mifukoni. Lakini nilipokaa naye niliona kwamba hata jiko la gesi la maabara hakuligusa. Wasichana walipoliwasha, yeye alisogea karibu na mlango, mkono juu ya kitasa, akafundishia kutoka pale. Sauti yake haikubadilika. Nyumbani kwake alipikia umeme.

Jioni moja tulikutana ufukweni Mama Ngina, mimi na mke wangu tumekwenda kupunga upepo, tukamkaribisha viazi vya karai. Mafuta ya muuzaji yakashika moto kidogo. Muuzaji akafunika karai lake na mambo yakaisha. Tulipogeuka, Mwalimu alikuwa ng'ambo ya barabara, amekumbatia mkoba wake kifuani. Akatupungia mkono tumfuate. Hakueleza, nasi hatukumuuliza.

Habari yenyewe alinieleza mara moja tu, mwaka wangu wa tatu pale, tukiwa tunahesabu chupa za stoo.

Miaka kadhaa kabla sijaja, nyumba aliyokuwa akikaa dada wa mamake, ambaye alimwita Masi, ilishika moto mchana. Moto ulianzia stoo ya jirani. Dirisha la ngazi za kina Masi lilitazamana na stoo ile. Ukinyoosha mkono waugusa ukuta wake. Kioo kilipasuka, moto ukaingia ngazini, na ngazi zenyewe zilikuwa za mbao. Masi alikuwa juu, miguu haimchukui. Gari la zimamoto halikuweza kupita kichochoroni. Watu wakaburuta mpira, wengine wakapokezana ndoo. Mwalimu alifika mbio kutoka shuleni, akasimama chini akitazama juu. Walipomteremsha Masi hakuwa ameungua hata ukucha. Moshi ndio uliommaliza.

Mzimamoto aliyemteremsha alikuwa ameketi kizingitini akikohoa. Mwalimu akamwendea.

"Kile kioo cha ngazini kilikaa muda gani?"

"Kioo cha dirisha, mama? Hakikai. Kikipata moto upande mmoja kimekwenda."

"Na kama kingekaa?"

"Muda gani?"

"Wewe niambie."

Yule bwana akafikiri. "Robo saa," akasema. "Tungepata robo saa, tungemtoa yu hai."

"Arubaini ilipokwisha," Mwalimu akaniambia, "nikaanza kuitafuta hiyo robo saa." Akarudi kuhesabu chupa.

Alichokitafuta kilikuwa hiki. Uchukue vioo viwili vyembamba, na katikati yake utie rojo safi inayopitisha mwanga kama kioo chenyewe, hata anayepita asijue kwamba iko. Moto ukija, maji yaliyomo ndani ya rojo yanakunywa joto na kugeuka mvuke, na kinachobaki kinaumuka kikawa povu jeupe, gumu, linaloziba njia. Kioo cha mbele na kipasuke, povu litashika. Vioo vya namna hiyo vipo ulimwenguni na vyauzwa, alivisoma vitabuni. Yeye alitaka kitu cha kutengenezwa hapa, kwa vitu vya hapa, kwa kipimo ambacho fundi wa vioo wa mtaani kwao angeweza kukifuata.

Vitu vyenyewe vilikuwa vinne. Cha kwanza silikati, ule uji mzito unaong'aa ambao watengeneza sabuni huununua kwa mapipa; tuliufuata kwenye ghala moja Shimanzi, tukajaza madumu yetu huku malori yakitupigia honi. Cha pili unga wa nepi, zile chembe nyeupe zilizomo ndani ya nepi za watoto, zinazokunywa maji na kuvimba. Cha tatu glisirini ya duka la dawa. Na maji.

"Vinne tu, kama chai," alikuwa akiwaambia wasichana. "Lakini jaribuni kunywa chai ya mtu aliyekosea."

Dirishani mwa maabara aliweka mitungi mitatu ya kioo. Kila mwaka alipofika kwenye somo la michanganyiko aliita msichana mmoja mbele.

"Gusa huu wa kwanza."

"Yatikisika, Mwalimu."

"Maji yamezidi. Ndani ya kioo rojo itateremka yenyewe ikae chini, na juu pabaki patupu. Moto utapita hapo juu. Na wa pili?"

"Ni mgumu. Una nyufa."

"Silikati nyingi, maji machache. Yapasuka kabla haijaona moto, na haina maji ya kuupoza. Wa tatu?"

"Huu mzuri, Mwalimu. Laini, tena safi."

"Huo nimezidisha unga na glisirini. Mzuri wa kutazama. Ukiupeleka motoni nao waungua, watoa moshi mweusi. Moshi wafanya nini?"

Yeye mwenyewe hakulijibu swali lile hata mwaka mmoja; aligeukia ubao akaandika kichwa cha somo linalofuata.

Kazi ile ilikuwa na ubishi mwingi kuliko nilivyodhania. Unga wa nepi ukiutia kwenye maji matupu huvimba kwa fujo, lakini ukiutia moja kwa moja ndani ya silikati hunywea na kukaa chini kama mchanga. Muhula mzima ulipita kabla hatujajua kwamba ni lazima unywe maji kwanza, ndipo silikati iingie polepole, tena kwa kukoroga bila pupa. Tulijaribu kuigandisha rojo kwa matone ya siki, ikakatika mabonge meupe kama maziwa yaliyoharibika. Kuna rojo iliyokaa safi miezi miwili, siku moja tukaikuta inatoa jasho pembeni. Kila badiliko dogo la kipimo lilileta tabia mpya, na tabia hiyo haikujionyesha mara moja. Ilibidi kungoja, na yeye alijua kungoja. Mtungi angeweza kuutazama mwezi mzima bila kuutikisa.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuchoma. Nyuma ya maabara nilijenga jiko dogo la matofali lenye uwazi upande mmoja, nikasimamisha kioo hapo, nikakielekezea tochi ya gesi kama ile ya mafundi wa kuchomelea. Upande wa pili wa kioo tuliweka kipande cha pamba. Pamba ikibadilika rangi, kioo kimeshindwa. Yeye aliketi kwenye kiti mbali kidogo, ameshika saa aliyoazima kwa mwalimu wa michezo. Moto hakuutazama. Macho yalikuwa kwenye pamba tu.

"Bado nyeupe?" aliniuliza kila mara, ingawa aliiona.

"Bado nyeupe, Mwalimu."

Mwalimu mkuu hakuipenda kazi ile. Siku moja walikuja wakaguzi, wakafungua kabati la maabara, wakakuta nepi za watoto zimepangwa mpaka juu. Mwalimu mkuu akabaki ameshika mlango wa kabati.

"Hizi ni za nani?" mkaguzi akauliza.

"Zangu," Mwalimu akajibu.

"Una mtoto mchanga hapa?"

"Sina mtoto. Ni kemia."

Hakucheka. Hakuwahi kuolewa, na nadhani watu wote mle chumbani walilikumbuka hilo kwa pamoja, kwa sababu mkaguzi alilifunga kabati mwenyewe na kuomba radhi. Baada ya siku ile mwalimu mkuu aliagiza kazi ya vioo isifanywe siku za masomo. Mwalimu akaitikia, na hakukosa Jumamosi hata moja.

Watu waliosoma kwake humkumbuka kwa ukali wa vipimo. Msichana akiandika "maji kidogo" kwenye ripoti yake, alirudishiwa karatasi. Jaribio lililofanywa mara moja hakulipokea. "Mara tatu," alisema. "Ya kwanza wajaribu, ya pili wahakikisha, ya tatu waamini." Nami aliniambia, "Daftari litiwe ulichotia, Baba Dama. Ulichotaka kutia hakituhusu." Lakini mtu huyo huyo alituletea mkate wa sinia kila Jumamosi, na mkate ule haukufanana mara mbili. Wiki hii sukari imezidi, wiki ijayo haimo kabisa, safari nyingine iliki inakukaba.

"Mwalimu, leo umetia iliki ngapi?"

"Najua mimi? Nimetia."

Alikuwa na jambo jingine ambalo sikulizoea. Hakusifu. Mwaka mzima ungepita hujasikia "vizuri" kutoka kwake. Kwa hiyo siku aliponisifu nililichukua neno lile nikaenda nalo nyumbani kama zawadi. Ilikuwa Ijumaa, mbele ya darasa la kidato cha nne. Msichana alikuwa amemwaga kitu, na Mwalimu akasema, "Mtazameni Baba Dama anavyomimina. Mkono wake haukosei." Nikamwambia mke wangu. Nikamwambia hata Dama.

Kesho yake ndiyo siku ninayotaka kuieleza.

Tulikuwa tumefika mchanganyiko wa thelathini na moja. Aliandika kipimo kwa mkono wake: glisirini kiasi cha kati, si nyingi kama ya mtungi wa tatu, si kidogo kama tulivyokwisha kujaribu. Alikuwa na matumaini nacho. Nilijua kwa sababu alichora mstari chini yake kwa rula. Akaniachia nichanganye, akaenda kuswali adhuhuri chumba cha walimu. Nilikuwa nimetoka kuosha mikono. Nilipoinua chombo cha glisirini, ambayo tayari nilikuwa nimeipima, kikaniteleza kikagonga ukingo wa sinki. Hakikuvunjika. Nilipokidaka, zaidi ya nusu ilikuwa imekwenda sinkini. Chupa tuliyopimia ilikuwa tupu, na nyingine haikuwapo.

Ningeweza kungoja dakika kumi amalize sala yake. Ningesema, "Mwalimu, imenimwagikia, tufanye Jumamosi ijayo." Hakuna ambaye angenifukuza kazi. Lakini masikioni mwangu lilikuwa bado neno la jana, kwamba mkono wangu haukosei. Nikafungua bomba, nikajaza maji mpaka kwenye alama, nikaendelea kukoroga. Aliporudi rojo ilikuwa safi kabisa. Aliinyanyulia dirishani akaitazama muda mrefu.

Tuliitia katikati ya vioo viwili, tukaiacha wiki nzima. Jumamosi iliyofuata nilikiweka kioo jikoni nikawasha. Tulichokiona nilikuwa nakijua: rojo ilikuwa laini mno, imeteremka, na juu pamebaki upenyo mdogo. Haikuchukua muda. Mvuke ukasukuma, kioo cha mbele kikaruka vipande, cha nyuma nacho kikafuata, na ulimi wa moto ukapita pale juu. Pamba ikawa nyeusi hata sikuwahi kusema neno.

Mwalimu akafungua daftari magotini akaandika: Njia hii haifai. Akanyanyuka akaenda ndani.

Aliacha njia ya glisirini siku ile. Akageukia kuongeza unga, na kwa miaka mitatu iliyofuata, mpaka anastaafu, vioo vyetu vilikaa kidogo na kutoa moshi, vikakaa kidogo zaidi na kutoa moshi zaidi. Kila Jumamosi yeye kwenye kiti chake, leso puani, macho kwenye pamba. Na mimi ndiye niliyewasha kila moto ule. Mara ngapi nilifungua mdomo nikaufunga, siwezi kusema. Siku zilivyokwenda jambo lilizidi kuwa gumu, kwa sababu sasa haikuwa tena nusu chombo cha glisirini, ilikuwa mwaka, ikawa miwili.

Leo madaftari yake yako kwa mmoja wa wasichana aliowafundisha, ambaye sasa ni mhadhiri wa chuo. Ameianza kazi ile tangu mwanzo. Mchanganyiko wa thelathini na moja ameutengeneza kama ulivyoandikwa, glisirini kamili, mara tatu. Alinipigia simu kunieleza. Mara zote tatu ulipita robo saa, na pamba ilibaki nyeupe. Mwalimu hakuyajua hayo. Alikuwa ameshazikwa.

Mara ya mwisho kuonana naye ilikuwa Jumapili asubuhi, mwaka wa pili baada ya kustaafu kwake. Nilikuwa nimetoka kanisani. Mpwa wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwangalia, alinipigia akasema Mwalimu ataka nifike nyumbani. Kifua kilikuwa kimemshika, na madaktari walikuwa wamekwisha kusema yao. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chenye mito, koti jeupe limetundikwa msumarini nyuma yake kana kwamba kesho ni siku ya kazi.

"Hujambo, Baba Dama. Nyumbani hawajambo? Dama?"

"Hawajambo, Mwalimu. Dama amejifungua."

"Mashaallah. Mtoto gani?"

"Msichana."

Akatabasamu, akapumzika ili apate pumzi. Kisha akanionyesha katoni ya madaftari. Yule mwanafunzi wake mhadhiri angekuja kesho kuyachukua, na yeye alitaka yapangwe kwa tarehe. "Wewe wayajua," akasema. "Nisomee namba, nikuambie yakae wapi."

Tukaanza. Nilifungua, nikasoma namba, yeye akaitikia. Tulipofika lile daftari la kijani nilisoma ishirini na tisa, nikasoma thelathini, nikanyamaza.

"Endelea."

"Mwalimu, hii thelathini na moja isiende kama ilivyo."

"Ina nini?"

Nikamwambia. Nilieleza chombo, sinki, bomba. Nilieleza hata lile neno la Ijumaa, ingawa nilipolisema nililiona dogo mno kuwa sababu. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Glisirini ilibaki pungufu kidogo ya nusu. Nyingine yote ni maji."

"Maji ya bomba?"

"Ya bomba."

Akafumba macho. "Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu, Baba Dama, nimeketi nikinusa moshi ule."

"Niwie radhi, Mwalimu."

"Usiniombe sasa. Andika kwanza."

Akanielekeza kalamu ilipo. Nikaandika pembeni mwa ukurasa: Glisirini ilimwagika, ikajazwa maji. Nikamsogezea. Akavaa miwani akasoma.

"Ilimwagika," akasema. "Ilinyanyuka yenyewe ikamwagika? Na maji yakajijaza?"

Nikataka kufuta.

"Usifute. Piga mstari, lisomeke. Andika upya."

Nikaandika: Niliimwaga glisirini zaidi ya nusu, nikajaza maji ya bomba, nikanyamaza. Nikatia jina langu, Kazungu, lile ambalo hakuwahi kuniita. Akasoma tena. Nilidhani ataufunga ukurasa, lakini alinyoosha mkono akitaka kalamu. Akaandika chini ya maneno yangu, polepole, akipumzika kati ya neno na neno: Nilijaribu mara moja tu. Sikurudia.

"Mwalimu, hilo si kosa lako. Mimi ndiye…"

"Wasichana niliwaambia mara tatu. Ningerudia, ya pili ingekaa, nami ningekuuliza ya kwanza ilikuwaje. Ungenificha?"

"Ungeniuliza, ningesema."

"Basi. Sikukuuliza." Akaniangalia. "Kile kioo kilipofunguka pale juu, moto ukapita, nilikuwa nimetazama. Siku hiyo niliacha pamba nikautazama moto. Nilijua nikirudia nitauona tena, na sikutaka. Nikaandika haifai."

Akatia jina lake chini ya langu. Kalamu ikamponyoka, nikaiokota. Mpwa wake akachungulia mlangoni, akarudi jikoni.

"Haya," Mwalimu akasema. "Sasa niombe."

"Niwie radhi, Mwalimu."

"Nimekuwia radhi. Nawe niwie mimi."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sema," akaniambia. "Nataka kusikia."

"Nimekuwia radhi, Mwalimu."

Akaegemea mito. Kisha akaniuliza baada ya lile daftari la kijani linafuata lipi, nikaendelea kumsomea namba mpaka katoni ikaisha.